Niliingia kwenye filamu kupitia kumbi za harusi

Sikusomea filamu katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo wala Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Kazi hii nilijifunzia katika kumbi za harusi za Sinza na Mwenge, hapa Dar es Salaam, ambako nilishika taa kwa miaka mitatu kabla bosi wangu hajanikabidhi kamera. Vijana wanaoniuliza wanunue kamera gani huwashauri waanze na kibarua cha harusi, kwa sababu bibi harusi hakati keki mara mbili. Ukiwa bado unahangaika na fokasi wakati mama yake anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, limekupita hilo, na huna wa kumwomba arudie. Humo ndimo nilimopata jicho la kujua tukio litatokea wapi kabla halijatokea.

Upande wa sauti, hata hivyo, harusi zilinilemaza, maana katika video zile muziki hufunika kila kitu. Filamu fupi yangu ya kwanza ilihusu muuza kahawa anayevuka kila alfajiri kutoka Kigamboni kuja Magogoni, nami, kwa ujuaji wangu, niliyaweka mazungumzo yote ndani ya pantoni. Picha zilipendeza mno. Usiku nilipovaa hedifoni nikasikia injini, upepo, na kwa mbali mwigizaji wangu akiongea kama mtu aliyezamishwa kwenye pipa. Tulirekodi upya kila neno chumbani kwangu, feni imezimwa, yeye amejifunika blanketi na jasho linamtiririka hadi kwenye karatasi ya maneno. Tangu siku hiyo, kabla sijakodi lenzi, hulipa kwanza mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza tu.

Kibali cha kupiga filamu kisikuchoshe: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakitaka, basi peleka muswada wa filamu yako Bodi ya Filamu mapema, kisha uombe ruhusa ya wenye eneo. Sisi tulishushwa pantoni siku ya kwanza, na kosa lilikuwa langu.

Lililoniuma zaidi ni mkataba. Filamu yangu ya pili nilimuuzia msambazaji mmoja haki zote, kwa karatasi moja niliyoitia saini nimesimama kaunta, nikiwaza kodi ya nyumba. Leo nikitaka kuionyesha hata kwa wanafunzi, sharti nimwombe yeye. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, iombe ukalale nayo, na uitafute kwanza sentensi inayotaja muda wa haki hizo. Yangu haikuwa nayo.