Mataifa "wanaomsahau" au "yanayomsahau"?

SWALI: Nafundisha dini sekondari. Katika Biblia yangu Zaburi 9:17 inasema "mataifa yote wanaomsahau Mungu". Si ingekuwa "yanayomsahau"? Na je, naweza kuwaeleza wanafunzi kwamba mataifa hapo ni makafiri?

JIBU: Mataifa yako ngeli ya LI-YA, kwa hiyo "yanayomsahau" ndiyo sanifu. Mfasiri alipoandika "wanaomsahau" aliwaona watu, hakuona dola, akapatanisha kwa maana. Mimi simlaumu.

Makafiri, hapana, nakusihi. Kafiri humpima mtu kwa imani yake. Neno la Kiebrania ni goyim, yaani mataifa, ambalo marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, walilitumia kwa kila asiye Myahudi, mwema kwa mwovu. Ukiweka makafiri utakuwa umeshatoa hukumu, ilhali marabi wawili walibishana juu ya maneno haya haya.

Mabishano hayo yamo katika Tosefta, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, sehemu ya Sanhedrini 13:2. Rabi Eliezeri anaishika aya hii kusema kwamba watu wa mataifa hawana fungu katika ulimwengu ujao. Rabi Yehoshua anamjibu: kama aya ingesema "mataifa yote" ikanyamaza, ningesema kama wewe, lakini imeongeza "wanaomsahau Mungu", basi wamo wenye haki katika mataifa, nao wana fungu.

Huo ni ugomvi wa kirejeshi! Andika "mataifa yote yanayomsahau Mungu", na msomaji anaweza kuelewa ni yale tu yanayosahau. Tia mkato, "mataifa yote, ambayo yanamsahau Mungu", na usahaulifu unayaangukia yote. Kiebrania cha kale hakikuwa na mkato, na hapo ndipo kila rabi alipopata nafasi. Kwa hiyo kwenye ubao usitie mkato. Waachie wanafunzi njia zote mbili.

Ukifika kwenye sheria ya Kiyahudi, utakutana na amri saba za "wana wa Nuhu": kuweka mahakama, kisha kutoabudu sanamu, kutomkufuru Mungu, kutozini, kutoua, kutoiba, kutokula kiungo kilichokatwa kwa mnyama aliye hai. Katika karne ya 12 Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi, aliandika kwamba mtu wa mataifa anayezishika kwa kuwa Mungu ameziamuru ana fungu katika ulimwengu ujao.

Wanafunzi watadhani wana wa Nuhu ni Shemu, Hamu na Yafethi tu. Waandikie "binadamu" kando yake. Bin Adamu, ben Noah: muundo ni mmoja, na maana ni watu wote.