Msichana wa kwenye riwaya yako anafanya nini?

Chukua sura tatu za mwanzo za mswada wako na kalamu nyekundu. Pigia mstari kila kitenzi kinachomhusu mhusika wako wa kike. Ukikuta alipendwa, alidanganywa, alifukuzwa, aliokolewa, ujue wahusika wengine ndio wanaofanya kazi. Yeye anafanyiwa tu.

Hapo ndipo anapozaliwa yule binti wa kutolea fundisho: kaja mjini, kapata mimba, kaharibikiwa, mwisho. Kezilahabi kwenye riwaya yake Rosa Mistika (1971) alimbana hata baba mlevi. Wengine huchukua adhabu ya binti na kumwacha mzee anakunywa mbege yake kwa raha. Halafu hadithi yenyewe imepitwa na wakati. Tangu Novemba 2021, Tanzania, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, kwa hiyo kama riwaya yako ni ya leo, barua ya kumfukuza haikumalizii kisa. Mambo ndiyo kwanza yanaanza: nani anabaki na mtoto asubuhi? Anakaa dawati gani, na nani anakubali kukaa naye?

Uso na kiuno viache. Mwandishi akimsimamisha binti mbele ya kioo, mara nyingi hajui bado ni mtu wa namna gani. Mpeleke Kiboriloni, soko la mitumba la Moshi, siku ya soko. Anageuza blauzi ya mtumba ndani nje, anakagua mshono wa kwapani, anatajiwa elfu tatu, anatoa elfu moja mia tano, anaondoka taratibu huku akisubiri kuitwa. Nauli ya kurudi ameificha mfuko mwingine. Tayari tunamjua, na rangi ya ngozi yake hujaitaja.

Usikimbilie upande wa pili ukaleta jasiri anayepiga kila mtu na hana rafiki wa kike hata mmoja. Kipimo cha Bechdel, kilichotoka kwenye katuni ya mwaka 1985, kinataka wanawake wawili wazungumze jambo lisilohusu mwanamume. Ni kipimo chepesi mno. Mistari miwili ya homuweki inatosha kufaulu. Wape ugomvi wao wenyewe: deni, siri, nafasi moja ya bweni.

Ukimaliza, wape wanafunzi wa kidato cha pili waisome, ila usiwaulize kama ni nzuri. Mtoto aliyekuamkia shikamoo hatakwambia imemchosha. Waulize: ungekuwa wewe, ungefanyaje pale alipobanwa? Wote wakijibu hakuna ambacho angeweza kufanya, rudi kwenye sura hiyo na kalamu yako nyekundu.