Chip sili kwa kokoto zenye vumbi? Usithubutu

Mkuu, hizo kokoto ulizonunua za chip sili (ile ya kumwaga lami barabarani, kutandaza kokoto juu na kushindilia) rudisha. Umeandika zina vumbi kiasi lakini fundi kakuhakikishia litapeperuka tu magari yakianza kupita, sasa hayo ndo maneno niliyouziwa na mimi na jamaa wa kokoto, tena anaongea kama kaigundua lami yeye, nikaitikia.

Vumbi haliendi popote. Lami inakutana na vumbi kwanza, inalishika hilo hilo, kokoto yenyewe inabaki imekalia unga, ni sawa na kubandika selotepu kwenye ukuta usiofutwa. Siku ya kwanza panapendeza mpaka unapiga picha (ninazo, nimekatazwa kuzionyesha nyumbani). Magari yakianza kukimbia kokoto zinang'oka, vioo vinapasuka, na mwenye kioo anakutafuta wewe, hamjui muuza kokoto, ambaye simu yake haipatikani hadi leo, nadhani alipeperuka yeye.

Kisha akaja mjuaji mwingine: ongeza lami, zitashika tu. Tukaongeza. Jua lilipowaka lami ikapanda juu, kokoto zilizobaki zikazama, mvua ikinyesha tairi hazina cha kushika. Yaani umeweka chip sili ili kuzuia maji yasipenye chini na tairi zisiteleze, umeishia kuwa na utelezi wa kulipia! Mara mbili!!

Kwa hiyo kokoto safi, la sivyo kazi haianzi. Weka kiganja cha kokoto kwenye chupa ya maji safi, tikisa, yakigeuka tope zikaoshwe. Ukipeleka maabara, chembe zinazopita kwenye chekeche ya milimita 0.075 kwa kuoshwa zisizidi asilimia 1. Na usidanganywe kwamba ukiziosha zitakuwa na maji hazitashika: kwa emalshani (lami iliyochanganywa na maji) unyevunyevu hauna shida, unasaidia hata, lami ya moto ndo inataka kokoto kavu au zilizotangulia kupakwa lami kidogo. Zimwage emalshani ikiwa bado ya kahawia, ikishakuwa nyeusi umechelewa. Halafu rola iwe ya matairi, ya chuma inazipasua kokoto, utakuwa umekataa vumbi la muuzaji ukajitengenezea lako.

Kuhusu ile mipasuko ya mamba (ya lami iliyopasuka kama ngozi ya mamba) uliyoweka picha, chip sili haibebi mzigo, chini pakiwa pamelegea chimba, weka kiraka kwanza, kikae kikomae. Mengine uliyouliza sijui saizi ya kokoto sijui mitaro wadau watakujia, mimi nikiona kokoto za vumbi presha inapanda. Na huyo fundi muulize kama yuko tayari kuandika na kusaini kwamba vioo vikivunjika analipa yeye.