Kwa nini wanachukua sampuli za choo za wasioumwa

Umeuliza kwa nini wachunguzi wa mlipuko wa enterovirusi (virusi vinavyozaliana utumboni) wanachukua sampuli za choo, yaani kinyesi, hata kwa watoto wasioumwa, ilhali maji yamepimwa na hayana bakteria. Maji kukosa bakteria si ushahidi tosha, maana enterovirusi huistahimili klorini, dawa ya kutibu maji, kuliko E. koli, bakteria wa utumbo wanaotafutwa maji yanapopimwa. Tena wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote, lakini hutoa virusi kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Mimi ningeanza na tarehe ambayo kila mgonjwa aliugua. Wakirundikana siku moja au mbili, tafuta chanzo kimoja, maji au chakula. Wakija kwa mawimbi, virusi vinapita mtu kwa mtu. Na tafadhali nawa kwa sabuni, vitakasa mikono vya spiriti haviui virusi hivi vizuri.