Ganzi mdomoni, na jinsi ulimi unavyojua njia yake

Nilichomwa ganzi, nikang'olewa gego la chini. Nilipotoka nikawa nasema kama mlevi. Kwani ganzi inalegeza ulimi? (Msomaji, Tanga)

Pole. Ulimi haukulegea. Neva inayousogeza ni ya 12 kati ya neva za kichwani, na ganzi ile haikuigusa. Iliyolala ni tawi la neva ya tano, linalopelekea ubongo hisia za theluthi mbili za mbele za ulimi: umegusa wapi, umebana kiasi gani.

Tamka "sisi" polepole. Kingo za ulimi zinaegemea magego ya juu, katikati panabaki mfereji mwembamba wa hewa. Mfereji ukipanuka kidogo tu, s inapwaya au inasikika kama sh. Bila habari za mguso ubongo unakisia, na sauti za namna hiyo ndizo huharibika upesi. Subiri saa chache, na usitafune kitu, utajing'ata usijue.

Mbona bado nilieleweka?

Mtu mzima ameshazoea kutamka, na masikio humsaidia kujisahihisha.

Babu yetu amekuwa kiziwi, ila matamshi yake ni yale yale. Anajisahihishaje? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili nalipenda mno. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitumia mashine kuvuta taya za watu waliokuwa wakiongea, kidogo tu, bila sauti kubadilika. Masikio hayakusikia kosa lolote, lakini kwa mazoezi taya zilirudi kwenye njia yake. Mwaka 2008 jaribio kama hilo lilifanywa kwa watu waliopoteza usikivu ukubwani, nao wakajirekebisha. Kwa hiyo tunapoongea tunalenga pia mdomo uhisi vile ulivyozoea, na babu yenu anategemea hisia hizo. Ukali wa sauti ni vigumu kuupima kwa mdomo. Akipaza mno, mwashirieni kwa mkono.

Mama ana meno mapya ya bandia na s zinamshinda.

Kibao cha meno ya juu kimefunika kaakaa, ulimi unajifunza upya. Asome gazeti kwa sauti kila siku. Wiki chache zikipita bila nafuu, arudi kwa daktari wa meno akirekebishe.

Ganzi ikija yenyewe, bila sindano?

Ikija ghafla, maneno yakavurugika, uso ukapinda au mkono ukakosa nguvu, huenda ni kiharusi. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kupambazuke.