Jibu: Fomu mbili za Django ukurasa mmoja, jina la mteja linageuka jina la mtaa

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: fomu ya mteja na ya anwani ziko ukurasa mmoja wa Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti), zote zina sehemu ya jina, na ukihifadhi, mteja anapewa jina la mtaa.

Kwanza fungua chanzo cha ukurasa kwenye kivinjari utazame visanduku. Utakuta name="jina" mara mbili. Django ikipokea majina mawili yanayofanana huchukua thamani ya mwisho, ndiyo maana anwani inashinda. Ipe kila fomu prefix yake, yaani neno linalotangulia majina ya visanduku vyake:

MtejaForm(request.POST, prefix="mteja")

Visanduku vitakuwa mteja-jina na anwani-jina. Weka prefix ileile unapoonyesha ukurasa na unapopokea data; ikikosekana upande mmoja, fomu italalamika kwamba hakuna kilichojazwa, na hapo ndipo wengi hukwama. Hakikisha pia zote mbili ziko ndani ya tagi moja ya form, maana kivinjari hutuma ile iliyobonyezwa tu.

Ita is_valid() (inayokagua data) ya kila fomu kabla ya kuhifadhi. Ukiziunganisha kwa and, ya kwanza ikikataa, ya pili haikaguliwi hapo hapo; Django huikagua fomu hiyo inapoonyeshwa tena ukurasani, na makosa yake yanaonekana.

Kuhifadhi: mteja kwanza, kisha anwani kwa save(commit=False), ambayo haiiandiki bado kwenye hifadhidata, mpachike mteja, ndipo uisave. Yote ndani ya transaction.atomic(), inayohifadhi vyote au kutohifadhi chochote, usije ukabaki na mteja asiye na anwani.