Ukarabati wa nyumba: kazi ipi ni ya mwenyewe, na ipi ni ya fundi?

Swali: Tunaishi Buruburu, katika nyumba ya miaka ya 1970 tuliyoinunua mwaka jana. Mfereji wa jikoni unadondosha maji, tangi la choo halikomi kujaa, ukuta ulio kati ya bafu na sebule una unyevu, na shawa ya umeme hutupiga stima kidogo tunapogusa koki yake. Mume wangu ana spana na bisibisi, na anaamini video za intaneti zinatosha kumwelekeza. Mimi ningependa tumwite fundi kwa yote manne, lakini fedha za kumlipa kwa mara moja hatuna. Tuamue vipi? *Msomaji, Buruburu*

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya jambo jingine lolote, zimeni shawa hiyo leo kwenye kisanduku cha breka, na mtu yeyote asiiwashe mpaka ikaguliwe. Najua nyumba nyingi za Nairobi ambamo watu wamezoea kushtuliwa kidogo wakioga, hata wakaliona kuwa ni tabia ya kifaa. Si tabia yake. Katika shawa nyingi za aina hii waya unaopasha moto huwa wazi ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo usalama wa anayeoga hutegemea waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuuondoa umeme unaovuja kabla haujapitia mwilini. Mkihisi umeme kwenye koki, maana yake njia hiyo ama haipo, ama imekatika. Tena shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 huvuta takriban ampia 23, na katika nyumba za zamani, ambazo hazikujengwa kwa ajili ya kifaa kama hicho, mara nyingi aliyeifunga aliiunganisha na waya mwembamba wa taa uliokuwa karibu. Waya huo hupata moto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeuona.

Hapo ndipo ulipo msingi wa uamuzi wenu. Watu wengi hupima kazi kwa ugumu wake, lakini mimi huipima kwa kuuliza: nikikosea, kosa litajitokeza wapi, na baada ya muda gani? Kosa litakalojitokeza papo hapo, mbele ya macho yangu, nikaweza kulizuia kwa kufunga koki, ni kosa ninaloweza kumudu. Kosa litakalojificha ukutani, darini au chini ya sakafu, likajulikana baada ya miezi au kwa kumdhuru mtu, silo la kujifunzia. Kufunga shawa si kazi ngumu kwa mikono, na ndiyo sababu watu wengi huithubutu.

Kwa kipimo hicho, mfereji wa jikoni ni kazi ya mume wako. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, kiasi kinachokaribia kujaza ndoo, na kwa kawaida chanzo chake ni kipira cha ndani kilicholika. Afunge maji yanayotoka kwenye tangi la juu la nyumba, afungue mfereji ili bomba liishe maji, kisha atoe kichwa cha mfereji na kwenda na kipira kile kile dukani, ili anunue kinacholingana nacho. Nina onyo moja tu, nalo nalitoa kwa uchungu. Nilipokuwa ningali mwanafunzi wa kazi hii nilifungua mfereji uliokaza katika nyumba ya umri kama wa kwenu kwa spana moja. Mfereji ulitoka vizuri, wenye nyumba wakashukuru, lakini nguvu niliyotumia ilikuwa imekisokota kiungo cha bomba la chuma lililokwisha kuliwa na kutu ndani ya ukuta. Uvujaji ulionekana baada ya wiki kadhaa, na ukuta wote ukabidi ubomolewe. Kwa hiyo spana ziwe mbili, moja ya kushikilia mwili wa mfereji usizunguke, nyingine ya kufungulia kichwa. Kichwa kikikataa kwa nguvu ya kawaida, aache hapo hapo na amwite fundi wa mabomba.

Tangi la choo ni jepesi zaidi: maji yakiwa yanapita juu na kutokea kwenye bomba la ziada, ashushe boya kidogo, na yasipokoma abadilishe valvu ya boya.

Ukuta wenye unyevu unahitaji fikra zaidi kuliko nguvu. Kutengeneza kunaweza kuwa si kwenu, lakini kuchunguza ni kwenu, na uchunguzi huo hauna gharama. Kwa kuwa maji ya Nairobi huja kwa mgao, nyumba nyingi hutumia maji ya tangi la juu, na tangi hilo ndilo litakalowapa jibu. Usiku mmoja, baada ya mfereji na choo kutengenezwa, fungeni maji yanayoingia tangini, wekeni alama pale maji yalipofika, na msitumie maji yoyote hadi asubuhi. Maji yakiwa yameshuka, kuna bomba linalovuja, na huenda ndilo lililo ukutani. Yakiwa hayakushuka, elekezeni shaka kwenye viungo vya vigae vya bafu au bomba la maji machafu, maana hizo huvuja tu wakati wa kuoga. Fundi atakayekuta mmekwisha kujua hilo hatabomoa kwa kubahatisha. Atakapofungua ukuta, mwombeni asipige plasta mpaka maji yamefunguliwa na kiungo kimekaa kikavu mbele yenu, nanyi mpige picha za mabomba kabla hayajafunikwa.

Kuhusu fundi wa umeme, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inataka kazi ya kufunga nyaya ifanywe na mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kusimamia nishati na petroli nchini), hivyo ombeni kuiona. Shawa iwe na waya wake wenyewe kutoka kwenye kisanduku (mimi hupendekeza wa milimita 6 za mraba), breka yake, waya wa ardhi uliopimwa kwa kifaa, na kinga ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Mkitumia maji ya kisima yenye chumvi, mwambieni mapema, kwa sababu maji hayo hupitisha umeme zaidi na yana shawa zake maalumu.

Fedha mlizo nazo sasa zitangulie kwenye shawa. Mfereji na choo vitawagharimu vipuri na Jumamosi moja. Ukuta ufuate mkishajua chanzo, na rangi ya sebule isubiri hadi plasta ikauke kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa, kwani rangi inayopakwa juu ya plasta yenye maji hubambuka.